XAMPP Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kuifuta

"Fundi, nimeifuta XAMPP nikaiweka upya, bado haiwaki." Sentensi hii naisikia kila msimu wa miradi ya mwisho vyuoni, na kila nikiisikia swali langu la kwanza ni moja: ulihifadhi hifadhidata yako wapi kabla ya kufuta? Wengi hunyamaza. Basi niyaandike hapa, kwa wanaotumia XAMPP (kifurushi cha Apache, MySQL na PHP cha kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako) ndani ya Windows, kabla mwingine hajapoteza kazi ya muhula mzima.

Dhana: XAMPP ikisumbua, ifute uisakinishe upya

Tuanze na Apache, seva inayotoa kurasa za tovuti. Sababu inayoongoza ya kugoma kwake ni poti 80 au 443, milango yake ya mtandao, kushikwa na programu nyingine. Programu hiyo haimo ndani ya XAMPP, imo kwenye Windows. Ukifuta XAMPP na kuirudisha, utaikuta palepale imekalia poti yake. Na paneli ya XAMPP huwa imeshakuambia kwa maandishi mekundu: Port 80 in use by "Unable to open process" with PID 4! Watu wakiona wekundu wanafunga dirisha. Someni! PID ni namba ya programu inayoendeshwa; PID 4 ni Windows yenyewe, na mara nyingi aliye nyuma yake ni huduma ya World Wide Web Publishing Service, yaani IIS, seva ya tovuti ya Windows. Fungua services.msc, isimamishe, kisha washa Apache.

Namba ikiwa nyingine, andika netstat -ano | findstr :80 kwenye Command Prompt, tafuta mstari wenye LISTENING, chukua namba ya mwisho wake uilinganishe na PID zilizo kwenye Task Manager. Ukiona programu hiyo unaihitaji, iache. Ingia httpd.conf, faili la mipangilio ya Apache, geuza Listen 80 iwe Listen 8080, na ServerName localhost:80 iwe localhost:8080. Kwenye kivinjari utaandika localhost:8080. Hakuna kilichofutwa.

Kwa MySQL, seva ya hifadhidata, ndiko kwenye hasara. Ndani ya XAMPP kuna MariaDB, tawi la MySQL, tangu Oktoba 2015, ingawa paneli bado inaandika MySQL, na data zake zote zinakaa C:\xampp\mysql\data, ndani ya folda ileile unayotaka kuifuta. Ikigoma, pengine uliwahi kusakinisha MySQL nyingine kwa ajili ya somo fulani, na huduma yake, mara nyingi kwa jina MySQL80, inawaka pamoja na Windows na kushika poti 3306. Pengine umeme ulikatika na betri ya laptopu ilishakufa, seva ikazimika katikati ya kuandika. Haya ni matatizo mawili tofauti yanayoleta ujumbe mmoja, MySQL shutdown unexpectedly, na anayejua tofauti yake ni faili la mysql_error.log lililomo humohumo kwenye data. Bonyeza kitufe cha Logs, shuka hadi mistari ya mwisho. Ikitaja Aria recovery failed, hamisha faili za aria_log nje ya folda, endesha aria_chk -r kwenye majedwali ya Aria (injini mojawapo ya MariaDB ya kuhifadhi majedwali), kisha jaribu kuwasha. Majedwali yako ya mradi kwa kawaida ni ya InnoDB, injini nyingine, hayaguswi na hilo.

Kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unaonikera kuliko yote: "futa ibdata1, itawaka." Kweli, inaweza kuwaka. Itawaka ikiwa haiyajui tena majedwali yako, kwa sababu orodha ya majedwali ya InnoDB imo ndani ya faili hilo. Utaona majina yao kwenye phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, ukibonyeza moja unapata kosa #1932, kwamba jedwali halipo kwenye injini. Vilevile kunakili folda ya hifadhidata peke yake kwenda kompyuta nyingine bila ibdata1 kunakufikisha hapohapo. Simamisha MySQL, nakili folda ya data nzima uiweke nje ya C:\xampp, halafu ndipo uanze kugusa chochote. Na seva ikiwa nzima, kila Ijumaa ingia phpMyAdmin, bonyeza Export, faili la .sql litume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Wanafunzi wangu wananichoka kwa hili, nami sitaacha kulisema.

Dhana: XAMPP mpya ni mbovu, tafuta ya zamani

Msimbo wako ndio wa zamani. Mafunzo unayoyafuata yanatumia mysql_connect, na kundi hilo la amri liliondolewa kwenye PHP 7.0, Desemba 2015. Andika kwa mysqli au PDO, njia za sasa za PHP kuzungumza na hifadhidata. Kurudi kwenye PHP iliyokwisha kuachwa bila viraka vya usalama, eti ili mafunzo ya mwaka 2012 yafanye kazi, ni kujifunza vitu ambavyo hakuna atakayekuajiri kwa ajili yake.

Dhana: bila bando localhost haifunguki

Inafunguka. Anwani 127.0.0.1, ambayo ndiyo localhost, haitoki nje ya kompyuta yako. Ukiona ukurasa umekuja bila rangi wala mpangilio, ni kwamba Bootstrap, faili za mwonekano wa tovuti, umeiita kutoka mtandaoni. Ipakue, uiweke kwenye folda ya mradi.

Dhana: faili la PHP unalibofya mara mbili

Kivinjari kikionyesha file:/// juu, Apache haihusiki na PHP haijaendeshwa. Weka mradi kwenye folda ya htdocs ndani ya XAMPP, ufungue kwa http://localhost/ na jina la folda.

Dhana: kwangu inafanya kazi, basi na kwenye hostingi (seva ya kukodi mtandaoni) itafanya

Windows haitofautishi Picha.jpg na picha.jpg. Linux, inayoendesha hostingi nyingi, inatofautisha. Andika majina yote kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza. Na mtumiaji root wa MySQL asiye na neno la siri abaki hukohuko kwenye laptopu yako.

Dhana: mteja naweza kumtumia linki ya localhost

Akiifungua, simu yake inajitafuta yenyewe. Kama mko kwenye Wi-Fi moja, andika ipconfig kwenye Command Prompt, chukua IPv4 yako, yaani anwani ya kompyuta yako kwenye mtandao huo, tuseme 192.168.1.5, umpe hiyo pamoja na jina la folda. Ikigoma, ruhusu Apache HTTP Server kwenye Windows Firewall kwa mtandao wa aina ya Private tu.