Dawa ya ADHD: mbona imtulize mtoto mmoja na kumsumbua mwingine?

Kliniki ya watoto ninayohudumu iko Busia, mpakani, ambako kwenye benchi moja utasikia Kiswahili, Kisamia na Luganda asubuhi hiyo hiyo. Wazazi wengi huja wakiwa wameshaambiwa mtoto ni mtundu na hakufunzwa adabu, kumbe ana ADHD: anashindwa kutulia, kukaza mawazo na kujizuia kuliko wenzake wa rika lake. Haya ndiyo maswali yanayonirudia mara kwa mara dawa zikishaanza.

Mwanangu na mtoto wa dada yangu wanameza dawa ile ile. Wa dada ametulia, wangu halali wala hali. Nimekosea wapi?

Hujakosea, mama. Dawa ikishamezwa, mwili huivunja kidogo kidogo mpaka itoke, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye ini. Kinachoivunja ni vimeng'enya, na maagizo ya kutengeneza kila kimeng'enya yamo kwenye jeni alizorithi mtoto. Metilfenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, huvunjwa na kimeng'enya kinachoitwa CES1. Wapo watu wachache ambao jeni yao ya CES1 ina badiliko linalokifanya kizembee, basi dawa inawajaa kwenye damu.

Kwa atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, tofauti ni kubwa zaidi. Hiyo huvunjwa na kimeng'enya kingine, CYP2D6. Kwa watu wengi nusu ya dawa huondoka mwilini katika muda wa saa 5 hivi. Kwa mtu ambaye CYP2D6 yake haifanyi kazi, inachukua zaidi ya saa 20. Kidonge cha leo kinakikuta cha jana bado kipo, na kiasi kinachozunguka mwilini kinaweza kufika mara 10 ya mwenzake aliyepewa dozi ile ile. Mtoto wa namna hiyo akikosa hamu ya kula, au moyo ukimwenda mbio, si ukaidi wala deko.

Tumbo moja, baba mmoja. Ndugu wanatofautianaje?

Sisi wa Uganda swali hili tunalijibu kila siku tunapozungumzia sikoseli. Mtoto huchukua nakala moja ya jeni kwa mama na nyingine kwa baba. Wazazi wawili wenye nakala moja nzuri na moja mbovu, wenyewe hawaumwi, wanaweza kumpata mtoto aliyerithi mbovu zote mbili, na mdogo wake akazipata nzuri zote mbili. Na jeni za vimeng'enya vya dawa zinarithiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo usimpe mdogo kidonge cha kaka yake kwa sababu kilimfaa kaka.

Je, sisi Waafrika tuna jeni zetu tofauti?

Tunazo tofauti nyingi, hata kati yetu wenyewe. Aina ya CYP2D6 inayopewa namba 17, inayofanya kazi polepole, ni ya kawaida Afrika kuliko Ulaya. Ukienda Ethiopia utakuta watu wengi wenye nakala za ziada za jeni hiyo hiyo, na dawa inawaisha upesi. Anayesema "Waafrika wapewe dozi hii" hajui anachosema. Waliotumia efavirenzi ya Virusi vya Ukimwi wanakumbuka: kidonge kile kile cha miligramu 600, mmoja analala vizuri, mwingine anasumbuliwa na kizunguzungu na ndoto za kutisha. Jeni ya kimeng'enya kingine, CYP2B6, ilichangia sana.

Linaloniuma ni kwamba tafiti kubwa za jeni za ADHD zimechunguza zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Kuwezekana inawezekana hapa. Mwaka 2019 zilichapishwa taarifa za jeni za watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu. Utafiti ule haukuwa wa ADHD, lakini wanakijiji wetu walikubali na kazi ikafanyika. Watoto wenye ADHD nao wanastahili kazi kama hiyo.

Basi apimwe jeni kwanza?

Kwa metilfenideti, hapana. Jeni inayoitwa DAT1, ya protini ya ubongo ambayo metilfenideti huizuia, imechunguzwa miaka mingi na majibu yanapingana. Kwa atomoksetini, majibu ya CYP2D6 yakiwepo yanamsaidia daktari kupanga dozi. Yasipokuwepo, ataanza na dozi ndogo na kupandisha polepole.

Kipimo tunachokiweza sote ni daftari. Mama mmoja aliniletea la mwanawe wa P3, yaani darasa la tatu. Yeye aliandika: "Saa moja, uji, halafu kidonge." Mwalimu akaongeza kwa kalamu nyekundu: "Saa tatu anaandika vizuri. Saa tano anazurura darasani. Saa saba amemaliza posho na maharage yote." Tukaona dawa ilikuwa inamfaa ila inaisha mapema. Daktari hakukipandisha kidonge cha asubuhi. Aliongeza kidogo cha mchana.

Anatumia atomoksetini, na sasa ana malaria. Nimpe Coartem?

Malaria itibiwe, usicheleweshe. Ila mwambie anayekuandikia dawa kwamba mtoto yuko kwenye atomoksetini, kwa sababu lumefantrini iliyomo ndani ya Coartem inaweza kukipunguza kasi kimeng'enya cha CYP2D6. Fluoksetini, dawa ya sonona, hukizuia zaidi. Hapo hata mtoto mwenye jeni nzuri anaweza kuwa kama yule mwenye jeni ya polepole. Macho yakiwa ya njano, akizimia, au akianza kusema anataka kufa, mlete siku hiyo hiyo.

Wiki mbili zimepita, sioni badiliko. Niache?

Inategemea ni ipi. Metilfenideti huonekana siku ile ile ikifika kwenye dozi inayotosha. Atomoksetini huhitaji wiki kadhaa. Njoo na daftari kabla ya kuacha. Dawa moja ikishindwa, ile nyingine inaweza kumfaa, maana inapitia kimeng'enya kingine.