Mwenye 4.7 kakosa tuzo, mwenye 4.5 kaipata

"Shikamoo mwalimu. Mimi nina GPA ya 4.7, yeye wa uhandisi ana 4.5. Mbona tuzo kapewa yeye?"

Aliniuliza mhitimu wa uchumi, siku chache baada ya mahafali. Nafundisha uhandisi ujenzi hapa Mwanza na nimo kwenye jopo la tuzo ya wahitimu bora wa uchumi na uhandisi, kwa hiyo jibu lilinihusu.

GPA yenyewe, yaani wastani wa alama za chuo, ni hesabu fupi. A ni pointi 5, B+ ni 4. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za somo, yaani uzito wake, na jumla hugawanywa kwa krediti zote. A kwenye somo la krediti 12 na B+ kwenye la krediti 8 ni 60 na 32, yaani 92. Gawanya kwa 20, unapata 4.6. Desimali hukatwa, haikuzwi: 4.41 na 4.49 zote huandikwa 4.4, zote daraja la kwanza. Tena uchumi ni miaka mitatu, uhandisi minne. Kuzipanga GPA zao mstari mmoja ni kushindanisha uzito wa sangara na urefu wa mtumbwi.

Ndiyo maana jopo husoma miradi ya mwisho. Kijana yule wa uhandisi, mwenye 4.5, alichunguza maji yanavyopandishwa kwenye nyumba za milimani, kule juu ya mawe. Kila mita 10 za mwinuko hula karibu bar 1 ya presha, kwa hiyo mlima wa mita 60 unataka bar 6 kabla hujahesabu msuguano wa mabomba. Alipanda na kipimo chake asubuhi na jioni, wakati watu wanachota kwa wingi, akakuta presha iko chini kuliko alivyokadiria. Hakuficha. Aliandika sura nzima kuonyesha alipokosea, akasanifu upya. Ukurasa ule niliusoma mara mbili.

"Na wangu?" akauliza yule wa uchumi.

Mradi wake ulihusu bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, umeandikwa vizuri sana. "Lakini mwanangu, ulikusanya bei za kiangazi tu. Masika dagaa walioanikwa mchangani huoza, wa kwenye chanja hupona. Hapo ndipo bei inapoachana, na wewe hukuwepo."

Alinyamaza, akaandika kitu kwenye daftari. Mimi nimeshapeleka ombi kwa jopo: ziwe tuzo mbili, kila fani na yake.