Je, wajua mkaa wa Shanga huhesabiwaje miaka?

Shanga, kisiwani Pate katika funguvisiwa la Lamu, kuna magofu ya msikiti wa Ijumaa. Miaka ya 1980 wachimbaji wakiongozwa na Mark Horton walifukua chini yake wakakuta misikiti mingine, ule wa mwanzo wa miti, wa karne ya 8. Miti huoza, mkaa hubaki. Lakini mkaa hauna maandishi. Miaka yake hujulikanaje?

Mti ulio hai hupokea kaboni 14, aina adimu ya kaboni isiyodumu, kutoka hewani. Ukikatwa, hauongezi tena, na ile iliyomo huendelea kupungua kidogo kidogo bila kujazwa. Kila mwaka hupotea sehemu moja katika 8,267 hivi, tena ya ile iliyobaki, si ya ile ya awali. Ndiyo maana baada ya miaka 5,730 hubaki nusu, na baada ya 5,730 mingine hubaki robo, si sufuri.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tuseme kipande kimebakiwa na asilimia 86. Mwenye haraka atasema: nusu hupotea kwa miaka 5,730, basi asilimia 14 ni miaka 1,604. Kakosea kwa zaidi ya karne tatu! Mwanzoni kaboni ni nyingi, hivyo hupotea upesi zaidi.

Dawa yake ni logi asilia, ile ln iliyo kwenye kikokotoo. Huuliza: namba e, yaani 2.718 na ushei, ipewe kipeo gani ili tupate namba hii? Gawa 100 kwa 86, bonyeza ln, utapata 0.151 hivi. Zidisha kwa 8,267: karibu miaka 1,250. Logi ya kumi nayo ingefika, ila kila mara ingekudai nauli: kuzidisha kwa 2.303. Popote kitu kinapopungua kwa kadiri ya kilichobaki, e hujitokeza yenyewe. Hata joto la kahawa kwenye dele hushuka kwa mtindo huo kuelekea joto la hewa.

Jibu hilo bado husahihishwa kwa pete za miti, zile duara za kila mwaka ndani ya shina, maana kaboni 14 ya hewani haikuwa sawa karne zote. Tena ln huhesabu tangu mti ulipokua, si tangu ulipoungua. Boriti ya mkoko ikikaa darini miaka mia kisha ikawa kuni, mkaa wake utajizidishia umri. Kwa hiyo wachimbaji huangalia pia vigae vya tabaka lile lile.