Elimu masafa wakati wa janga: yanayosemwa Nyanda za Juu Kusini na ukweli wake

Shule za Tanzania zilifungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, vyuo vikuu vikafuata. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, waliobaki Juni 29. Miezi hiyo iliacha imani ambazo zitawagharimu wanafunzi janga jingine likija.

Dhana: Bila video ya moja kwa moja hakuna somo.

Video ndiyo njia ya ghali kuliko zote na ndiyo ya kwanza kukatika. Saa moja inaweza kula MB 500 hadi zaidi ya GB 1. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde hula takriban MB 14 kwa saa nzima. Kwa mzazi wa Makete, mkoani Njombe, anayepanda kilimani kutafuta mtandao, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atasoma.

Mwalimu arekodi vipande vya dakika 5 hadi 8, kila kimoja hoja moja. Kipande kama hicho hakifiki MB 2. Aanze kwa kutaja somo, ukurasa wa kitabu na namba ya zoezi. Picha ya ubao aipige mchana, karibu na dirisha, kisha aipunguze hadi KB 200 hivi. Faili refu likikatika katikati, huenda likaanza kupakuliwa upya, na bando limekwisha bure. Vyote avitume kwa mkupuo, siku na saa ileile kila wiki, ili mzazi apande mara moja tu.

Dhana: Redio ni ya kusikiliza tu.

Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilirusha vipindi vya masomo wakati shule zimefungwa. Mtoto aliyekaa mikono mitupu huambulia kidogo. Awe na daftari wazi, na kipindi kikiisha ajibu maswali matano bila kuchungulia alichoandika. Mawimbi ya FM huzuiwa na milima, kwa hiyo nyumba ya bondeni inaweza kukosa kituo ambacho jirani wa mlimani anakipata vizuri. Redio ijaribiwe siku moja kabla.

Dhana: Mwanachuo ni mtu mzima, atajisomea.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa na kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kina vituo Mbeya na Iringa kwa sababu hata mtu mzima anahitaji mahali pa kuuliza na kufanyia mitihani. Kutuma slaidi tupu si kufundisha. Na mwanafunzi wa uhandisi hapati kazi ya maabara kwa simu: nadharia itangulie, wiki za vitendo zitengwe chuo kikifunguliwa.

Dhana: Kijiji kisicho na mtandao kisubiri.

Karatasi zinatosha. Kila mtoto awe na bahasha mbili: moja ikienda siku ya gulio, nyingine ikirudi. Kurasa 4 hadi 6 kwa wiki, bila majibu. Mpango huu hufia kwenye kusahihisha, maana mtoto asiyeona kalamu ya mwalimu huacha kuandika. Mwenye wanafunzi 60 achague maswali 3 tu ya kusahihisha kwa kila mmoja, aandike palipokosewa ni wapi na kwa nini, kisha bahasha irudi gulio linalofuata.