Kwa nini linki inagoma kukaa kwenye folda?

Kwenye steshenari za Ngamiani, Tanga, kompyuta moja huhudumia watu wa kila namna: huyu anaangalia matokeo ya mitihani ya NECTA, yule anaomba mkopo wa chuo, mwingine anatafuta kazi serikalini. Mhudumu mwenye akili hutengeneza folda, akaweka humo linki za tovuti anazozifungua kila siku ili asiandike anwani upya. Linki hizo hizo ndizo zinazomsumbua: mara hazikubali kuingia, mara zinaingia lakini hazifunguki.

Kwenye Windows, linki iliyo ndani ya folda ni faili, tena faili dogo la maandishi lenye mwisho wa .url. Lifungue kwa Notepad, programu ndogo ya maandishi ya Windows, utakuta mistari hii, pengine na mingine michache:

[InternetShortcut]
URL=https://www.necta.go.tz

Basi. Na kwa kuwa ni faili, linabanwa na sheria zote za mafaili.

Chukua jina. Mhudumu anataka kuliita "Mikopo 2024/2025", Windows inakataa. Mkwaju (/) hutumika kutenganisha folda na folda, kwa hiyo hauruhusiwi ndani ya jina. Nukta mbili nazo zina kazi yake kwenye herufi ya diski, kama C:, na alama ya kuuliza imepigwa marufuku vilevile. Andika 2024-2025, yaishe.

Kuburuta nako kuna vituko vyake. Wengi tulifundishwa kushika alama ya kufuli kando ya anwani na kuivuta hadi kwenye folda. Tangu Septemba 2023, Chrome imeondoa kufuli hilo na kuweka vijistari viwili vyenye vidoti, ndiyo maana watu wanalitafuta hawalioni. Shika vijistari hivyo. Ila punguza kwanza dirisha la kivinjari. Likijaa skrini nzima, folda utaiona wapi?

Kuburuta kukishindikana, bofya kitufe cha kulia ndani ya folda, chagua New, kisha Shortcut, ubandike anwani nzima kuanzia https://. Ukiambiwa huwezi kuiweka hapo, angalia uko wapi: folda kama Program Files zinahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Hamia Documents.

Wapo wanaoliandika faili hilo wenyewe kwa Notepad. Hapo mtego ni .txt, kwani Notepad huiongeza mwishoni kimyakimya na linki inabaki maandishi matupu. Unapohifadhi, badilisha aina ya faili iwe All Files. Na usishangae usipoiona .url baadaye, Windows huificha hata ukiiamuru ionyeshe miisho yote.

Linki inayofunguka pasipotakiwa ni kesi nyingine. Kurasa za matokeo ya NECTA zina mwaka ndani ya anwani, hivyo linki ya mwaka jana itakupeleka mwaka jana. Ukurasa uliouchukua ukiwa umeingia kwa nywila nao unaweza kukugomea kesho. Mimi huhifadhi ukurasa wa mbele wa tovuti.

Mteja akiomba umrushie linki WhatsApp, usimtumie faili lenyewe, maana simu nyingi hazijui la kufanya na .url. Nakili anwani, ibandike kwenye meseji.