Viza ya J-1 kwa kazi za msimu: mjue mdhamini kabla hujamlipa wakala

Kila likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi huja kwetu kutaka ushauri wa kwenda Marekani kufanya kazi za msimu, na wengi huanza na swali lile lile: ni wakala gani mwenye uhakika wa viza ya Marekani? Hayupo. Viza hutolewa na ofisa wa ubalozi baada ya mahojiano, na yeyote anayekuuzia uhakika huo anakuuzia kitu asicho nacho. Lenye faida kulijua mapema ni hili: mdhamini wako ni nani?

Programu yenyewe huitwa Summer Work Travel. Iko ndani ya viza ya J-1, ambayo ni viza ya mabadilishano, na mizizi yake ni sheria ya mwaka 1961 ya mabadilishano ya elimu na utamaduni, maarufu kama Fulbright-Hays. Kwa hiyo kazi ni sehemu tu ya safari. Marekani inamtaka mwanafunzi aishi na watu wake kwa muda mfupi, kisha arudi kwao kuendelea na masomo. Ukilishika hilo, masharti yanaeleweka. Lazima uwe mwanafunzi wa muda wote katika chuo kinachotambulika nje ya Marekani, uwe umemaliza angalau muhula mmoja, na uwe na Kiingereza cha kukuwezesha kufanya kazi na kujieleza. Muda ni miezi minne, au urefu wa likizo yako ikiwa ni fupi zaidi. Aliyeacha masomo na anatafuta ajira ya kudumu, programu hii haimhusu.

Mdhamini ni shirika la Marekani lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Ndilo linalokuhoji, kumkagua mwajiri na kutoa fomu ya DS-2019, ambayo bila hiyo hakuna viza ya J-1. Orodha ya wadhamini iko wazi kwenye tovuti ya wizara. Wakala wa nyumbani anaweza kuwa mshirika halali wa mdhamini, na wapo wanaofanya kazi kwa uaminifu mkubwa. Lakini usikubali neno lake peke yake. Mwandikie mdhamini mwenyewe, muulize kama anamtambua wakala huyo na ada zake ni zipi, na usubiri jibu la maandishi. Tena kumbuka kwamba kwa raia wa nchi zinazohitaji viza kuingia Marekani, kazi hupatikana kabla ya DS-2019 kutolewa. Wakala anayesema kazi utaitafuta ukishafika, achana naye siku hiyo hiyo.

Kuhusu fedha, natamani kila familia ikae chini na kalamu. Ada ya serikali kwa SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuweka kumbukumbu za wanafunzi na washiriki wa mabadilishano, ni dola 35 kwa programu hii, na ada ya maombi ya viza ni dola 185, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Hizo ndizo ndogo. Zipo ada za mdhamini na wakala, nauli ya ndege, na fedha za kujikimu kabla ya mshahara wa kwanza. Sasa tazama upande wa mapato. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho ni dola 7.25 kwa saa. Majimbo mengi yana kiwango cha juu zaidi, na hicho ndicho hutumika. Kwa saa 40 kwa wiki, kima cha chini kinakupa dola 290 kabla ya kodi ya mapato, kodi ya nyumba na chakula. Pale ofa ya kazi inaposema saa 32, piga hesabu ya 32, usihesabu saa za ziada ambazo hakuna aliyekuahidi. Kuuza shamba au kukopa kwa riba kubwa kwa matumaini ya kulipa kwa miezi minne ya kazi ya hotelini ni hatari, nami huwaambia wazazi hivyo bila kuficha.

Ofa yenyewe isome neno kwa neno: jina la mwajiri, mahali, malipo kwa saa, idadi ya saa, nyumba na makato yake. Agosti 2011, mamia ya wanafunzi wa J-1 waligoma kwenye kituo cha kupakia chokoleti huko Palmyra, Pennsylvania. Walilalamikia kubeba mizigo mizito na makato ya nyumba yaliyowaachia fedha kidogo mno. Mwaka uliofuata kanuni zilikazwa. Leo programu hairuhusu kazi za viwandani, kazi za ndani katika nyumba za watu, wala kazi ambazo saa zake nyingi ni kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ofa ya namna hiyo ikija mkononi mwako, mpelekee mdhamini kabla hujatia saini.

Mahojiano ya ubalozi huwa mafupi. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji kinamtaka ofisa akuhesabu kuwa unakusudia kuhamia mpaka umridhishe vinginevyo. Eleza unasoma nini, umebakiza nini, unarudi lini chuoni, na kazi unayokwenda kufanya ni ipi. Jibu kwa maneno yako. Majibu ya kukaririshwa hujulikana upesi. Majibu yako yalingane na DS-160, yaani fomu ya maombi ya viza uliyojaza mtandaoni. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za J hutakiwa pia kuacha wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii. Mwezi huo huo tangazo la rais lilisimamisha viza hizi kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Burundi na Somalia. Orodha hiyo hubadilika, basi hakikisha hali ya nchi yako kabla ya kutoa hata senti.

Ukifika, mjulishe mdhamini anwani yako ndani ya siku 10. Usibadilishe kazi wala kuongeza ya pili kabla hajaikagua na kuikubali. Pasipoti ni yako. Mwajiri hana haki ya kuishikilia, na kijitabu cha haki za wafanyakazi unachopewa ubalozini kinalieleza hilo pamoja na namba za kupiga ukidhulumiwa. Kitunze pamoja na bima yako ya afya. Programu ikiisha unazo siku 30 za kutembea na kufunga mizigo. Kufanya kazi katika siku hizo ni kuvunja masharti.

Jambo la mwisho husahaulika sana. Washiriki wa J-1 wasio wakazi kwa mujibu wa kodi hawapaswi kukatwa makato ya Social Security na Medicare (mifuko ya Marekani ya pensheni na ya matibabu ya wazee), ambayo jumla ni asilimia 7.65. Yakionekana kwenye hati ya mshahara, mwambie mwajiri ayarekebishe mapema. Kodi ya mapato ya shirikisho hukatwa kihalali, na mwaka unaofuata utajaza fomu ya kodi ya wasio wakazi, 1040-NR, kabla ya Aprili 15 kukamilisha hesabu; kama ulikatwa kupita kiasi, hurejeshewa. Mwachie mwajiri anwani ya nyumbani inayofikika kabla hujaondoka, maana fomu ya W-2 utakayoihitaji, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, hutumwa mwanzoni mwa mwaka, wakati wewe umesharudi darasani.