Katiba ya Afrika Kusini haikumfungisha mtu ndoa

Mteja anapoketi mbele ya meza yangu hapa Johannesburg na kuniambia kwamba wenzi wa jinsia moja wanaoana nchini "tangu Katiba ya Mandela", huweka kalamu chini nikaanza somo upya. Wengi wanaosema hivyo wana madai ya mirathi au pensheni yanayosimama au kuanguka kwa tarehe, kwa hiyo kosa hilo huwagharimu fedha.

Ni kweli kwamba Katiba ya mpito, iliyoanza kutumika tarehe 27 Aprili 1994, na kifungu cha 9 cha Katiba ya 1996 zilikataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kijinsia. Hata hivyo, mapenzi baina ya wanaume yalibaki kosa la jinai hadi Oktoba 1998, Mahakama ya Katiba ilipoyafutia hatia. Mwaka 1999 mahakama hiyohiyo ikaamua kuhusu vibali vya ukaazi vya wenzi wa kigeni. Mwaka 2002 zikafuata stahili za mwenzi wa jaji, kisha kuasili watoto kwa pamoja. Kila haki ilidaiwa kwa kesi yake, na hakuna hukumu hata moja kati ya hizo iliyompa mtu cheti cha ndoa.

Ndoa yenyewe ilitokana na shauri la Fourie, lililoamuliwa tarehe 1 Desemba 2005. Kikwazo kimoja kilikuwa maneno machache ya kifungu cha 30 cha Sheria ya Ndoa ya 1961, ambamo mfungishaji ndoa humuuliza kila mmoja kama anamchukua mwenzake kuwa "mke (au mume)" wake halali. Jaji Albie Sachs, aliyeandika hukumu ya wengi, alilipatia Bunge muda wa miezi 12 kurekebisha sheria, na kuagiza kwamba likishindwa, maneno "au mwenzi" yasomwe baada ya "au mume". Jaji Kate O'Regan alitaka nafuu itolewe papo hapo, na kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa sahihi, kwa kuwa mauti hayangoji ratiba ya Bunge. Mswada ulipita Bunge la Taifa tarehe 14 Novemba 2006 kwa kura 230 dhidi ya 41, na sheria hiyo, Sheria ya Muungano wa Kiraia, ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba, siku moja tu kabla ya muda kwisha. Anayedai kuolewa hapa mwaka 2003, basi, hana ndoa. Akifiwa na mwenzi asiyeacha wosia, ategemee hukumu ya Gory ya Novemba 2006, ambayo msingi wake ni uhusiano wa kudumu wa kusaidiana, na huo itambidi authibitishe.

Wapo wanaodhani muungano wa kiraia ni ndoa ya daraja la pili. Wawili huchagua wenyewe uitwe ndoa au ubia wa kiraia, na matokeo yake kisheria ni yaleyale. Ruhusa ya afisa wa serikali kukataa kufungisha kwa sababu ya dhamiri yake ilifutwa mwaka 2020. Wala nchi hii haikuwa ya kwanza duniani: Uholanzi, Ubelgiji, Uhispania na Kanada ziliitangulia, ingawa barani Afrika haikutanguliwa na yeyote.

Kuishi pamoja miaka saba, au kumi na saba, hakuzai ndoa. Na wanaooana bila kusaini kwanza mkataba wa mali mbele ya mwanasheria mthibitishaji (notary) huunganisha kila kitu, madeni yakiwemo. Hili nalisema hadi wateja wananichoka.

Wateja wenye asili ya Kenya huniuliza kama cheti cha hapa kitatambuliwa Nairobi. Ibara ya 45(2) ya Katiba ya 2010 inazungumzia haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiyo mimi humwambia mwenye kiwanja kule aandike wosia unaomtaja mwenzake kwa jina, badala ya kukitegemea cheti.